Nishani Zisizo na Jina: Ndugu Wawili wa Malindi na Mkebe wa Biskuti

Mkebe ulikuwa wa biskuti, rangi yake imeshababuka. Ndani mlikuwa na nyota mbili za shaba, nishani moja ya duara, kipande cha utepe kilicholiwa na wadudu, na picha ya vijana wawili waliovaa kaptula, wamesimama bega kwa bega mbele ya pazia la studio. Bibi, jirani yetu hapa Shella, Malindi, aliuweka mapajani mwangu akasema: "Hawa ni ami zangu. Baba yangu ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Hawa wawili walikwenda na Keya, hawakurudi. Nataka kumpelekea sonara achonge majina yao. Niambie, mwanangu, ipi ya nani?"

Keya ni lile jeshi la Waingereza lililoandikisha Waafrika wa Afrika Mashariki, King's African Rifles, kwa kifupi KAR. Siku ile sikuwa na jibu. Nilichomwomba ni kitu kimoja tu, asiende kwa sonara kwanza. Tangu hapo nimesoma, nimeuliza, nimelinganisha picha, na kila nilipofungua fundo moja nikakuta jingine chini yake. Nayaandika haya kwa sababu mikebe ya namna hii imo katika nyumba nyingi za Pwani, na wenye kujua yaliyomo wanapungua mwaka hadi mwaka.

Nishani inasema nini, na nini haisemi

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunaita nishani vitu vitatu vilivyo mbali mbali. Ipo nishani ya ushujaa, anayopewa mtu kwa tendo alilolitenda na likathibitishwa na wakubwa wake. Ipo nishani ya kampeni, anayopewa kila askari aliyekuwa mahali fulani kwa muda uliowekwa, awe alipiga risasi elfu au alipika ugali wa kikosi, awe alirudi au hakurudi. Na kipo kitu cha tatu, ukumbusho wa kifo, ambacho marehemu hakukivaa wala hakukiona, kwa kuwa kilitengenezwa ili kiende kwa jamaa zake.

Familia nyingi huchanganya cha pili na cha tatu. Huona nyota ya shaba, wakajua mzee alifia vitani, wakaamini kwamba nyota ililetwa kwa sababu ya kifo. Sivyo. Zile nyota za Bibi ni nishani za kampeni za Vita Kuu ya Pili. Mwenzao aliyerudi salama akafungua duka la kahawa alipewa nyota ile ile. Tofauti kwa aliyekufa ilikuwa moja tu, tena ndogo. Nyota ya jumla ya 1939–45 ilihitaji miezi 6 ya utumishi katika eneo la mapambano, lakini kwa aliyeuawa kazini muda huo haukuhesabiwa. Siku zake chache zilitosha.

Nyota hizi zote zina umbo moja: pembe 6, katikati herufi za Mfalme George wa Sita chini ya taji, na mduara wenye maandishi. Ni hayo maandishi ya mduara yanayozitofautisha. Moja ya Bibi ni Nyota ya Afrika, ya pili ni Nyota ya Burma. Hata kama maandishi yangekuwa yamefutika, utepe ungetosha kutuambia. Wa Afrika una rangi ya mchanga wa jangwa, mstari mwekundu katikati kwa ajili ya jeshi la nchi kavu, na pembeni mistari miwili, ya buluu nzito kwa wanamaji na ya buluu hafifu kwa wanaanga. Wa Burma una wekundu mpana katikati na buluu nzito pande mbili, na ndani ya kila buluu mstari wa rangi ya chungwa, rangi ya jua. Kile kipande kilicholiwa na wadudu bado kilikuwa na uzi wa chungwa. Ile nishani ya duara ni Nishani ya Vita ya 1939–45, yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na upande wa pili simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili. Hii ilihitaji siku 28 tu za utumishi.

Nyota ya Afrika yenyewe ina mtego wake. Jina linakufanya udhani ni ya bara zima, lakini ilikuwa na mipaka. Ilihusu Afrika Kaskazini hadi Mei 1943, na kwa upande wetu ilihusu Uhabeshi, Eritrea, Sudani na Somalia kati ya Juni 1940 na Novemba 1941. Askari wa Keya waliopelekwa Madagaska mwaka 1942 hawakuipata kwa vita vile. Kwa hiyo aliyekuwa na nyota hii katika nyumba ya Malindi yumkini alikuwa katika safari ile ya kuvuka mpaka kuingia Somalia mwanzoni mwa 1941, Kismayu ikaanguka Februari, Mogadishu mwezi huo huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Vita hivyo havikuwa vya mbali kwa watu wa hapa. Oktoba 1940 ndege za Italia zilikuwa zimeshaidondoshea Malindi mabomu.

Haya yote yanatueleza mahali. Mtu hayumo. Pindua nyota ya Bibi uitazame nyuma: ni shaba tupu. Pitisha kidole ukingoni mwa ile ya duara: laini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Uingereza ilichonga ukingoni mwa nishani, au nyuma yake ikiwa ni nyota, namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Baada ya Vita ya Pili iliamua kutochonga. Uhindi, Afrika Kusini na Australia zilichonga za watu wao, Uingereza haikuchonga. Ndiyo maana nishani ya babu wa 1917 inaweza kukuambia ni ya nani hata ikiokotwa jalalani, na ya mjukuu wake wa 1944 haiwezi.

Bibi alidhani kila ndugu alikuwa na nyota yake, moja ya Afrika na moja ya Burma. Huenda. Lakini askari mmoja aliweza kupata zote mbili, akipigana Uhabeshi kisha akapelekwa Asia pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka Bonde la Kabaw katika mvua za 1944 hadi Mto Chindwin. Na kila mmoja wao angestahili pia Nyota ya 1939–45 na Nishani ya Vita, kwa hiyo mkebe uliotimia ungekuwa na vitu vingi kuliko hivi. Kilichobaki ni masalio. Kuichonga nyota moja jina la ndugu mmoja ni kumpa huyu safari ya yule. Ndiyo sababu nilimzuia asiende kwa sonara.

Bamba la shaba na makaburi yaliyoachiwa nyasi

Katika Vita ya Kwanza Uingereza ilitengeneza ukumbusho wa kifo hasa. Mwaka 1917 yalitangazwa mashindano ya wachoraji, kazi zaidi ya 800 zikaletwa, na akashinda Edward Carter Preston wa Liverpool. Likatoka bamba la duara la shaba, upana wake kiasi cha sentimita 12, lina mwanamke aliyeshika shada la majani, simba mbele yake, na pomboo wawili. Yalitengenezwa zaidi ya 1,300,000. Pembeni mwa mwanamke kuna kijisanduku, ndani yake jina kamili la marehemu lililoinuka katika shaba yenyewe. Cheo hakikuwekwa. Jenerali na askari wa kawaida walipewa bamba moja, kwa hoja kwamba waliotoa uhai wametoa kitu kimoja. Nyumba iliyopoteza ndugu watatu ilipokea mabamba matatu, na wako wazazi huko Uingereza waliyapanga ukutani kwa mfuatano wa kuzaliwa.

Mimi bamba hili linanigusa, sitaficha. Ila ukilitazama ukiwa Malindi huwezi kuacha kuuliza habari za wapagazi.

Vita ya Kwanza katika Afrika Mashariki ilikwenda kwa miguu. Mbung'o waliua farasi na nyumbu, barabara hazikuwepo, kwa hiyo kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilikwenda kichwani mwa mtu. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza ndicho kilichotuachia majina ya Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Waliokufa upande wa Waingereza hukisiwa kukaribia 100,000, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu na njaa, wachache kwa risasi. Hawa walikuwa ndugu za watu. Walichukuliwa wawili watatu katika boma moja, na nani aliyekufa Lindi, nani Rufiji, nani njiani, mara nyingi hakuna aliyeandika.

Hapa nyuma ya Malindi walikwenda kwa kulazimishwa. Mekatilili wa Menza aliwaapisha Wagiriama mwaka 1913 wasitoe vijana wao wakafanye kazi ya mzungu, na Agosti 1914, vita vilipokuwa vinaanza, Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, ililipuliwa kwa baruti. Walioletwa kuwapiga Wagiriama walikuwa ni Keya wale wale. Masharti ya amani yalikuwa faini ya rupia 100,000 na watu 1,000 wa kufanya kazi. Kwa hiyo kwa Mgiriama neno Keya lina pande mbili tangu mwanzo: ndugu yako aweza kulivaa, na ndugu yako aweza kufa mbele yake.

(Hata nishani zenye majina ya pwani hii zilianza hivyo. Ipo nishani ya Uingereza yenye kibanio kilichoandikwa "Witu 1890". Walipewa wanamaji na askari waliouteketeza mji wa Witu, bara ya Lamu, Oktoba ya mwaka huo.)

Sasa, mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, iliundwa tume ya makaburi, ambayo leo ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Msingi wake ulikuwa usawa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, juu ya jiwe la kaburi lake au juu ya ukuta, bila kujali cheo, rangi wala dini. Ulaya msingi huo ulishikwa. Huku kwetu haukushikwa. Wakubwa wa serikali za makoloni waliiambia tume kwamba Mwafrika hajui maana ya jiwe la kaburi na hatalithamini, na makaburi ya wapagazi yakaachwa yarudi kuwa pori. Mwaka 2021 tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri na kuomba radhi: watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Nilisoma maneno hayo nikiwa hapa mjini, na jioni nikateremka hadi ufukweni, kwenye Msikiti wa Jamia. Kando yake pana makaburi ya nguzo yaliyosimama tangu karne ya 14 au ya 15. Ukienda Gede, mwendo wa kilomita 15 hivi kusini, utaona kaburi lililochongwa tarehe kwenye lipu: mwaka 802 wa Hijria, ndio 1399. Hapo Vasco da Gama hajazaliwa. Watu waliokuwa wakichonga tarehe ya kifo juu ya kaburi karne sita zilizopita ndio walioambiwa hawajui jiwe la kaburi ni nini. Na hawakuwa Waswahili wa mwambao peke yao. Ingia bara kidogo, kwa Wagiriama, uvione vigango: mbao ndefu zilizochongwa kwa pembetatu na maua, kichwa cha duara, zinazosimamishwa kwa ajili ya mzee wa chama cha gohu aliyefariki. Wasiokuwa wa gohu huwekewa koma, kijiti kifupi zaidi. Aliyefia mbali naye roho yake huitwa nyumbani kwa njia hiyo. Haya yalikuwepo, yalionekana, na bwana shauri wa serikali ya kikoloni aliyeishi Malindi alikuwa akipita mbele yake kila siku.

Badala ya majina kukajengwa masanamu. Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam kila mji una ukumbusho wa shaba wa miaka ya 1920. Wa Mombasa uko barabara ya Jomo Kenyatta, na matatu hupita mbele yake mchana kutwa. Maandishi yake ni kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na wapagazi wametajwa humo kuwa miguu na mikono ya jeshi. Mwisho wake askari anaambiwa kwamba akipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimesimama pale mara nyingi. Jina hata moja halimo.

Kazi ya kuyatafuta sasa inafanyika. Katika hifadhi za Jeshi la Ulinzi la Kenya yamepatikana majalada ya zamani ya Keya yenye habari za askari wapatao 3,000 wa Vita ya Kwanza, na majina yanazidi kuongezwa katika daftari la tume. Kwa mpagazi ni vigumu zaidi. Lakini mtu aliyeambiwa miaka iliyopita kwamba "hakuna" ana haki ya kurudi kuuliza tena.

Palipo na majina

Kwa Vita ya Pili hali ni nafuu sana, na hili Bibi hakulijua. Askari wa Afrika Mashariki waliofia Burma bila kaburi linalojulikana wameandikwa Taukkyan, nje ya Yangon, kwenye kuta zenye majina kama 27,000. Waliofia huku kwetu na Madagaska bila kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye Makaburi ya Vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Babake Bibi alikuwa akisema kaka yake mmoja "alichukuliwa na bahari". Mtoto akisikia hivyo hudhani ni mafumbo. Lakini mapema Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail iliondoka Kilindini kuelekea Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, miongoni mwao kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, cha 301. Tarehe 12 Februari, karibu na Maldivi, nyambizi ya Japani ikaipiga. Ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Wapiga mizinga wale wameandikwa majina yao Nairobi, kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki uliomo ndani ya makaburi hayo.

Kutafuta ni bure. Daftari la tume liko kwenye intaneti, unaandika jina na linakuletea ukuta na safu. Jihadhari na mambo mawili. Karani wa kizungu aliandika alivyosikia: Athumani anaweza kuwa Othman, Asman au Usumani, na Salim anaweza kuwa Saleh. Na ndugu wawili wa baba mmoja wote ni "bin" mtu yule yule, kwa hiyo aliyesajiliwa kwa jina moja tu na la baba huweza kuchanganywa na nduguye, au na mtu baki wa Kilwa. Namba ya askari ndiyo inayokata shauri. Itafute nyuma ya picha, katika barua, kwenye karatasi ya malipo, popote. Kwa nishani za Vita ya Kwanza, orodha za waliopewa zimehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew.

Nani mwenye nayo

Kanuni za jeshi la Uingereza zilipanga zamu: nishani za marehemu zinakwenda kwa mjane, asipokuwepo, kwa mtoto wa kiume mkubwa, kisha wa kike mkubwa, kisha baba, mama, kaka mkubwa, dada mkubwa. Mmoja anachukua zote. Mirathi yetu ya Kiislamu haiendi hivyo. Kijana akifa akaacha mke, mama na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama, hana mtoto wala baba, mke ana robo, mama ana theluthi, na kilichobaki ni cha ndugu. Nyumba ya shamba utaigawa, au utaiuza mgawane thamani. Nyota ya shaba utaigawa vipi?

Hapa ndipo ugomvi wa koo unapozaliwa. Mjane aliolewa tena akaondoka na nishani, na upande wa marehemu wakasema imekwenda kwa watu baki. Nimeona dada na shemeji hawasalimiani kwa jambo hili. Na nimeona familia iliyolimaliza vizuri kwa kuiita amana: haina mwenye, ina mtunzaji, na mtunzaji hawezi kuiuza wala kuitoa nje ya ukoo bila ya wengine kujua. Babake Bibi alifanya hivyo pasi na kuambiwa. Alikuwa ndugu aliyebaki. Hakuvaa nyota za kaka zake hata siku moja, alizifunika tu, akazitoa siku ya hitma, zikakaa karibu na chetezo mpaka watu wakamaliza kusoma, akazirudisha.

Soko lipo, na linafika hadi hapa. Wakusanyaji wa ng'ambo hununua nishani, hasa zenye jina la askari wa Kiafrika, kwa kuwa ni chache. Anayeuza kwa shida simlaumu. Ila afanye kama wenye vigango walivyojifunza kwa machungu. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake waliofariki. Haukupita muda vikaibwa. Miaka baadaye kimoja kilionekana katika makumbusho ya jimbo la Illinois na cha pili katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Marekani. Vilirudishwa, mzee akiwa ameshakufa. Kilichovirudisha ni ile picha. Basi piga picha ya nishani pande zote mbili, na ya ukingo, kabla hata hujafikiri la kufanya nayo.

Na usiisugue. Najua tunavyong'arisha shaba huku: ndimu, majivu, ukwaju. Sinia litang'aa, lakini nishani ya zamani itapoteza herufi zake, na zile za ukingoni ndizo hufutika kwanza. Adui mkubwa wa shaba hapa ni chumvi ya hewa ya bahari. Ikishaingia hufanya unga wa kijani unaoendelea kula chini kwa chini hata ukiifuta juu. Ifute kwa pamba laini kavu, ifunge kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa kikasuuzwa sana, iweke mahali pakavu, mbali na mpira unaoipa fedha weusi na mbali na mifuko laini ya plastiki. Picha usiigandishe kwa selotepu, na usiitundike pajapo jua.

Wako pia wazazi wa siku hizi, ambao watoto wao walikwenda Somalia. Kwao vita havina vumbi la kumbukumbu. Tarehe 14 Oktoba, Siku ya KDF, majeshi huwakumbuka waliokufa. Jambo moja huwachanganya, nalo linaumiza pasipo sababu: Umoja wa Mataifa una Nishani ya Dag Hammarskjöld, iliyoanzishwa 1997, kipande cha kioo chenye umbo la yai kilichochongwa jina la marehemu na tarehe ya kifo chake, hupewa jamaa. Ni ya waliofia chini ya amri ya Umoja wa Mataifa. AMISOM, kikosi cha kulinda amani walichokwenda nacho Somalia, ilikuwa ya Umoja wa Afrika. Mama ambaye mwanawe alifia kambi ya El Adde, Somalia, Januari 2016 hakunyimwa kioo hicho kwa sababu mwanawe alikosea lolote. Ni bendera tofauti tu. Mtu amweleze hilo mapema, asije akakaa miaka akijiuliza.

Nilirudi kwa Bibi mwezi wa Shaabani na yote haya. Nilimwambia siwezi kutenganisha nyota zake, na kwamba nadhani hakuna awezaye mpaka namba ipatikane. Alinyamaza, akaitazama picha. Kisha akaniambia nichukue kalamu. Kwa sonara hatakwenda. Niliandika kwa penseli, kwa vile wino hula karatasi: jina la mkubwa, bin fulani, jina la wa pili, bin fulani, mtaa waliozaliwa, mama yao, na kwamba mmoja alichukuliwa na bahari.

"Na Baba," akasema. "Mwandike naye."

Nikamuuliza nimwandike kuwa nani, kwani yeye hakwenda vitani.

"Andika: ndugu yao, aliyewawekea."

Tukaikunja karatasi mara moja tu, isivunjike, tukailaza chini ya nyota zote mbili, akafunga mkebe.